Saa Nzima ya Mama Spana

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama una kazi mkononi endelea nayo, lakini nitegee sikio. Leo tunamkumbuka fundi wa matrekta aliyetutoka Jumatano iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Wengi mlimjua kwa jina la Mama Spana. Wengine mlimwita jina jingine, na hilo tutalifikia.

Mama Spana alijifunza ufundi baada ya kuolewa. Aliyemfundisha ni baba mkwe wake, mzee ambaye kijiji kizima kilimwita Fundi Mkuu. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimpa spana, akamwonyesha nati, akaondoka. Akirudi na kukuta nati imefunguka, anamwonyesha nyingine. Hivyo hivyo kwa miaka saba. Mumewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na kila akirudi nyumbani alimkuta mkewe ana grisi mpaka kwenye nyusi.

"Nikamuuliza baba, nilikuletea mkwe au nilikuletea fundi?" mume huyo aliniambia juzi, sebuleni kwao. "Baba akasema, mkwe ulileta wewe. Fundi nimemtengeneza mwenyewe."

Wateja, waliotoka vijiji vingi vya jirani, walimpenda kwa mdomo wake. Mtu akija analalamika kwamba trekta lake limekufa, yeye hulizunguka taratibu, kisha humwambia, "Halijafa hili, limenuna tu. Umelifanyia nini?"

Sasa twende kwenye siku yenyewe. Ni miaka ishirini na miwili iliyopita. Kiangazi kilikuwa kirefu, nyasi zimekauka hadi zinavunjikia mkononi. Fundi Mkuu alikuwa na miezi minne kitandani, kiharusi kimemchukua upande mmoja. Mama Spana ndiye aliyemlisha na kumgeuza.

Saa nne asubuhi moto ulionekana nyuma ya kilima, upepo unausukuma kuelekea kijijini. Kijiji kilikuwa na nyumba sitini na moja, na trekta moja tu. Lilikuwa kuukuu, mali ya ushirika, limeegeshwa bandani tangu msimu wa kulima. Mpango ulikuwa rahisi: trekta lilime mkanda wa udongo mtupu upande wa juu wa nyumba zote, moto ukifika usikute cha kula. Nyumba ya Mama Spana ilikuwa ya juu kabisa, pamoja na nyingine mbili.

Dereva wa ushirika akapanda. Trekta likawaka. Likaenda hatua thelathini, likakohoa, likazima.

Mama Spana alifuatwa nyumbani, kando ya kitanda cha mkwewe. Mzee, kwa mdomo uliopinda, alimwambia maneno mawili tu: "Nenda. Kalifufue." Mama Spana akamwachia wifi yake amwangalie mzee, akashuka mbio.

Alifungua filta, kichujio cha dizeli. Ilikuwa nyeusi kama lami. Filta mpya ilikuwa mjini, mwendo wa nusu siku. Akaiosha kwa dizeli safi ndani ya sufuria aliyopewa na jirani, akaipuliza, akairudisha. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa iliyoingia kwenye mafuta, akapampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha. Dereva akapiga starta. Likawaka. Dakika tatu, likazima.

Akafungua paipu za mafuta moja moja. Akaweka mdomo, akavuta, akatema dizeli, akapuliza. Zote zilikuwa safi. Akafunga, akatoa hewa tena. Likawaka. Dakika tatu, likazima.

Moshi ulikwisha fika bandani. Watu walikuwa wakikohoa, watoto wanalia, mwenyekiti wa kijiji amemsimamia kichwani.

"Mama, unajua au hujui? Kama hujui sema, tukimbie."

Mama Spana aliinama tena kwenye injini. Alikuwa akijiuliza jambo moja: kwa nini linawaka? Kama njia ingekuwa imeziba moja kwa moja, lisingewaka kabisa. Hili linawaka, linakunywa kidogo, halafu linanyimwa. Basi kinachoziba kinakuja na kuondoka.

Akaifungua paipu pale inapotokea chini ya tangi. Dizeli ikamwagika kwa nguvu, ikapungua, ikawa matone, ikakatika. Na tangi limejaa. Akakunja waya kama ndoano, akaupitisha kwenye mdomo wa tangi, akawa anavua kwa kupapasa. Mara ya tano ukanasa. Kikatoka kitambaa kilicholowa, ukubwa wa kiganja. Kila injini ilipovuta mafuta, kitambaa kile kilivutwa kikaziba tundu. Injini ikizima, kinaelea kwenda zake.

Alikitazama kitambaa. Kisha akakitia mfukoni haraka haraka. Waliokuwepo walidhani ni tambara la kujifutia mikono.

Saa nzima ilikuwa imepita, wasikilizaji wapendwa. Saa nzima.

Trekta likawaka, na safari hii halikuzima. Lakini moto ulikwisha teremka kilima. Hapakuwa tena na nafasi ya kupita juu ya zile nyumba tatu. Dereva akageuka kumtazama fundi.

"Nipite wapi?"

Akanyoosha mkono kuonyesha upande wa chini wa nyumba yake mwenyewe. "Lima hapa." Kisha akakimbia kupanda, kuuelekea moshi.

Katikati ya njia alikutana na wifi yake, anasukuma toroli la kubebea matofali, mzee yumo ndani amefunikwa blanketi hadi usoni. Wakasukuma wote wawili. Walivuka mkanda wakati dereva akimalizia kulima. Nyumba hamsini na nane zilipona. Nyumba tatu ziliteketea. Mzee alikuwa hai, lakini alikuwa amevuta moshi mwingi mno.

Alilazwa hospitali. Siku ya pili akamuuliza Mama Spana, kwa shida, "Trekta lilikuwa na nini?"

"Uchafu tu, baba."

"Uchafu gani?"

"Wa kawaida. Wa filta."

"Ulitoa hewa vizuri?"

"Nilitoa, baba."

Mzee akafumba macho. Siku ya tatu akafariki.

Hapa lazima niseme jambo linalonihusu mimi. Kesho yake baada ya moto, kituo hiki kilisoma habari. Tulisema nyumba tatu ziliteketea baada ya fundi kuchelewa kwa saa nzima. Aliyesoma habari hiyo ni mimi. Nilikuwa mgeni kazini, na sikumuuliza mtu yeyote chochote. Kuanzia wiki ile watu wakaanza kumwita Saa Nzima. Walimwita hivyo sokoni. Walimwita hivyo kwenye mazishi ya mkwewe. Wapo waliosema wazi kwamba yeye ndiye aliyemuua mzee. Wenye zile nyumba mbili hawakuitikia salamu yake kwa miaka mingi. Naye akaacha mizaha. Mteja akileta trekta, alilipokea kimya na kulirudisha kimya.

Binti yake ni mwalimu. Amekuja hapa studio na kuniruhusu nieleze alichoambiwa na mama yake mwezi uliopita, kitandani.

"Alinipa kitambaa," binti anasema. "Nikakitambua. Kilikuwa kipande cha shati la babu la kazini, la mistari ya kijani. Msimu ule kifuniko cha tangi kilipotea, babu akachana shati lake akaziba mdomo wa tangi. Alipanga kutafuta kifuniko. Kiharusi kikamwahi. Kitambaa kikadumbukia ndani, mtu mwingine akaja kuweka kifuniko kipya bila kujua.

"Nikamuuliza, mama, kwa nini hukusema? Akaniambia, 'Babu yako alifanya kazi miaka hamsini, hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole. Ningemwambia pale hospitali kwamba shati lake ndilo lililomfikisha pale? Na alipokufa, niwape watu wamseme kaburini?' Nikamwambia, lakini walikumaliza wewe. Akasema, 'Mimi nilikuwa hai. Ningeweza kubeba.' Halafu akasema, 'Nilidhani ningeweza.'

"Hakuniagiza niseme, wala hakunikataza. Nimeamua mwenyewe, na baba amekubali."

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye fundi tuliyemzika Ijumaa. Aliziokoa nyumba hamsini na nane, ya kwake akaiacha nje ya mkanda, na aibu isiyokuwa yake akaibeba miaka ishirini na miwili.

Tunampa pole mume wake, ambaye ameegesha lori na hana hamu ya kuliwasha. Tunampa pole binti yake. Tunampa pole wifi yake, ambaye mpaka leo viganja vyake vina alama za toroli lile. Tunawapa pole mafundi wote waliopita mikononi mwake. Na mimi, kwa sauti hii hii iliyosoma habari ile, naiomba familia radhi. Najua nimechelewa.

Nanyi mlio majumbani, huenda yupo mtu mliyemwita kwa jina la siku yake mbaya kuliko zote. Huenda anakaa mtaa wenu, huenda mnakula naye meza moja. Nendeni kwake leo. Msimwambie mengi. Muulizeni tu ilikuwaje, kisha mkae mmsikilize mpaka amalize.