Mzee Tulia na Kanda Zilizotikisika

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Tulia, alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, kifungua mimba wa fundi saa na mkunga. Mama yake alisema alipojua kutembea hakukaa chini tena.

Alimaliza sekondari mwaka 1974. Walimu walimpenda, hesabu hazikumpenda. Mwaka uliofuata aliajiriwa studio ya picha, akawaambia wateja "tulia, tulia" mpaka jina likamganda.

Mdogo wake alipoanza kupiga saksafoni, jazi ile ya kasi iitwayo bibop, marehemu alirekodi kila onyesho. Stendi ya kamera hakuitaka. Kamera ilikaa begani, na saksafoni ikichanganya, miguu yake nayo ilichanganya, picha ikaruka. Vituo vya televisheni vilizirudisha kanda zote. Mdogo wake alimsihi mpaka akachoka: alitaka kanda moja tu iliyotulia, watu wamwone akipiga kabla pumzi haijamwisha. Marehemu alimjibu kuwa kamera iliyofungwa kwenye stendi ni kiziwi.

Mwaka 1987 alimwoa fundi cherehani aliyekuja kushona mapazia ya ukumbi. Huyu mkewe aliwahi kumshika kiuno onyesho zima ili asitikisike. Wakaishia kucheza wote wawili, na kanda hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2020. Novemba 2022, kwenye onyesho la mdogo wake, bila kuambiwa na mtu, aliiweka kamera kwenye stendi, akaketi. Kesho yake mdogo wake aliitazama kanda. Picha haikutikisika hata kidogo. Aliizima katikati, akamwendea mke wa marehemu jikoni.

"Shemeji," alisema, "kaka anatuacha."

Kituo kimoja kiliipokea kanda hiyo na kuirusha. Nyumbani hakuna aliyewasha televisheni.

Miezi iliyofuata ilituchosha sote. Mkewe alilala kwenye benchi la wodi hadi mgongo ukagoma, na bado akaamka kumwosha mgonjwa wake. Mwishowe marehemu alimwambia, "Mama watoto, nimechoka. Msinibembeleze nibaki." Hakumbembeleza. Alifariki tarehe 9 Agosti 2023, saa nane mchana.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake, aliyeipata kanda aliyoililia, na tangu siku aliyoitazama hajaigusa saksafoni.

Mungu ampumzishe kwa amani. Alichoka kweli.