Tumbo la Jumatano

Benchi la kijiwe liliegemea ukuta wa kinyozi, mguu wake mmoja ukiwa juu ya tofali. Fundi Redio alikalia upande huo, kahawa mkononi, fomu ya shule gotini. Binti yake wa darasa la tatu alikuwa akishikwa na tumbo kila Jumatano asubuhi, kabla hata hajavaa viatu, na leo ilikuwa Jumanne. Zahanati walipima wakapima, hawakuona kitu. Ndipo mwalimu na nesi wakashauriana, wakaamua kuwauliza wazazi wote wa darasa lile, na nesi mwenyewe angepita saa nne kukusanya majibu. Fundi alitaka kusaidia kweli, maana tumbo lile lilimnyima raha. Ila kalamu ilimgomea kwenye swali la tatu.

— "Mtoto wako anaogopa nini?" Jamani, hapa mnaandika nini?

— Usiandike! akaruka Wakili. Huo mtego!

Wakili hakuwahi kusomea sheria. Alikuwa ndiye yule kinyozi, na jina kalipata kwa ubishi.

— Ukiandika giza, kesho wanakuja kukuuliza kwa nini nyumba yako haina taa.

— Na nikiacha wazi?

— Watasema unaficha.

Kamati akapuliza kahawa yake. Huyu hakuna kamati mtaani ambayo hakuikalia, mpaka ile ya kuchagua rangi ya choo cha soko.

— Nyie hamjui mambo, akasema. Shule na zahanati zikishaungana, ujue kuna faili. Likijaa linapelekwa makao makuu. Huko wanajua mpaka unavyokoroma.

— Makao makuu ya nini? akauliza Fundi.

— Ya mikoromo! Usinikatize.

— Mimi nakoroma, akasema Wakili kwa huzuni. Ina maana mwanangu kanisema?

— Zamani! Ndiyo maana nesi akipita hapa anakuangalia vile.

Fundi akaipiga fomu kofi.

— Tumbo, jamani! Mtoto analia tumbo!

— Andika mbwa, Kamati akakata shauri. Mbwa hana kesi na mtu.

Fundi akaandika mbwa. Wenzake nao walikuwa na watoto darasa lilelile, na fomu zao zimekunjwa mifukoni. Wakaliona jibu tamu, wakanakili. Kwenye swali la marafiki wa mtoto wakanakili tena: "Wengi." Moyo ulimsuta Fundi kidogo, akaunywesha kahawa.

Saa nne nesi akaegesha pikipiki. Akasoma fomu ya kwanza, ya pili, ya tatu.

— Mbwa, mbwa, mbwa. Kwani huku mna mbwa?

— Wakali! akasema Wakili.

— Mwaka wa pili huu napita hapa, sijaona hata mmoja.

— Ndiyo ukali wao huo. Hawaonekani.

Mdomo wa nesi ulicheza, lakini akajikaza. Akamrudishia Fundi fomu yake.

— Baba, dawa za tumbo ninazo. Ya tumbo la Jumatano sina. Mwalimu kamuuliza mwanao, kanyamaza. Nimemuuliza mimi, kanyamaza. Nilidhani wewe unajua.

Fundi akainamisha kichwa. Aliona aibu, tena mbele ya watu aliozoea kucheka nao. Yeye humwona binti yake asubuhi tu anapofunga viatu, na jioni anaposinzia.

— Sijui, dada. Sijawahi kumuuliza.

— Basi leo kamchukue shuleni wewe mwenyewe. Mrudi kwa miguu, polepole. Muulize njiani.

Nesi akawasha pikipiki, akaenda zake. Fundi akamaliza kahawa kwa funda moja, akasimama.

— Wanatoka saa ngapi?

Wakili akamtazama Kamati. Kamati akatazama ndani ya kikombe.

— Si mchana? akajaribu Wakili.

— Mchana gani?

— Mchana wa shule.

— Kamati, wewe si ulikuwa kwenye kamati ya shule?

— Ya viti, akajibu Kamati. Mambo ya saa hayakutuhusu.

Baba watatu, hakuna aliyejua. Fundi akafunga kibanda chake cha redio saa nne na robo ya asubuhi, akaenda kukaa kwenye geti la shule.