Skurubu Mbili Nilizozifunga

Kaeni karibu, wanangu, pumzi yangu siku hizi haifiki mlangoni. Khelef, zima simu. Asila, shika kalamu. Na wewe Saleha binti Hakim, uliyetoka Al Rigga kuja kumtazama ami yako, kaa hapa unishike mkono, kwa kuwa ninayoyasema leo ni yako kuliko ya wanangu.

Mali yangu ni chache na imeshaandikwa kwa kadhi. Kilichobaki ni bunduki ya marehemu baba yangu, Salim bin Khelef, iliyomo kabatini pamoja na kibali chake.

Alhamisi iliyopita, Khelef, ulinijia nayo ukasema, "Baba, kifyatuo hiki kizito, wenzangu wananicheka. Nimeona video, kazi ya nusu saa, tupa ya kusugulia chuma tu na mkono mwepesi." Nikakuuliza video ile ni ya bunduki gani. Ukacheka: "Bunduki ni bunduki, Baba. Na wewe si fundi saa? Yalla, nishikie taa." Nikakunyang'anya, nikafunga kabati, nawe ukadhani nimekasirika. Niliogopa, mwanangu.

Mwaka 1987 mdogo wangu Hakim, baba yake Saleha, alikuwa hodari wa yola, ngoma ya hapa ambamo vijana huizungusha bunduki, huirusha juu na kuidaka. Kabla ya ngoma walikuwa wakipiga risasi hewani, na wenzake walimtania kwamba bunduki ya mzee haivutiki, waitwe wanawake wa jikoni wamsaidie. Akaja dukani kwangu Deira. "Kaka, mkono unaotengeneza saa za kike utashindwa na chuma hiki?"

Nikajiona. Nilikuwa na kijitabu chenye vipimo vya kusugua kile kijino kinachoizuia nyundo ya ndani isiipige risasi mpaka kifyatuo kivutwe, na picha yake ilifanana na bunduki yetu. Namba ya aina ya bunduki imepigwa chini ya mbao, na kuisoma lazima ufungue skurubu mbili. Sikuzifungua. Skuli, Unguja, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akitukata alama hata kwa jibu sahihi tusipolihakiki, nami nilikuwa wa kwanza darasani. Siku ile nilisugua, nikavuta kwa kidole mara tatu, chemba tupu bila risasi, nikaridhika. Sikukigonga kitako chini hata mara moja kuona kama nyundo itashika. Saa ukiikosea huchelewa tu, na mimi niliichukua bunduki kama saa.

Harusini, Rashidiya, Hakim alipiga risasi zake akadhani zimekwisha. Hilo lilikuwa kosa lake, sitalificha. Ngoma ilipoanza akairusha, ikamponyoka, kitako kikapiga ardhi, ikalia yenyewe. Hazim bin Thamer, kaka wa bwana harusi, miaka ishirini na miwili, akaanguka akafa papo hapo.

Hakim aliapa kwamba hakugusa kifyatuo. Aliapa mbele ya polisi, akaapa mbele ya baba, na baba akamwambia, "Khalas! Usiongeze uwongo juu ya damu." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kimya.

Kesi ilipokwisha tulirudishiwa bunduki, na ndipo nilipozifungua skurubu zile. Namba haikuwa ya kijitabu; kijino nilikisugua kwa vipimo vya bunduki nyingine. Kifungo cha Hakim kilikuwa kimebakiwa na miezi kumi na mmoja, ningeweza kusema. Nikatia kipande kipya, kizito, ndicho hicho kinachokuaibisha, Khelef, nikazifunga skurubu na kurudi kwenye saa zangu. Alipotoka, baba hakumpa mkono. Hakim akahamia mbali, Sohar, akafia huko, nawe Saleha ukakua ukiambiwa baba yako alikuwa mzembe na mwongo. Mzembe nilikuwa mimi. Mwongo nilikuwa mimi.

Subirini... maji kidogo. Basi, inatosha.

Asila, andika majina yote kwa ukamilifu, kisha unisomee, nihakikishe kabla sijatia sahihi. Khelef, bunduki isiguswe na tupa, wala yako wala ya rafiki yako. Ipeleke polisi na kibali chake, ukaseme mwenyewe inaingia mikononi mwao kwa nini. Ashwaq binti Thamer, dada yake Hazim, yu hai, anakaa Jumeirah. Msingoje nizikwe. Mpigieni leo, aje aniulize ningali na ulimi wa kumjibu, na akinitukana asijibiwe na mtu.

Mungu akulindeni. Akupeni subira ya kusoma namba kabla ya kushika chuma, na mkikosea akupeni kinywa cha kusema siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa... miaka mingapi, Asila? Hesabu wewe. Mimi siwezi tena.

Saleha. Mkono wako bado upo? Vidole vyangu havihisi kitu. Sijui umenishika au umeniachia. Usiniambie, mwanangu. Una haki ya yote mawili.