Kahongya Salomon, Mwenye Alifungua Makala Mbele ya Siku Yake

Bazazi, bandugu, mon père padri wetu, na ninyi bote benye mulipanda hiki kilima na matope ya leo, asanteni kufika. Mimi ni Orpa, mudogo wa marehemu. Familia iliomba mutoto wake wa kwanza, Vagheni, asome haya. Vagheni akasema: "Shangazi, ni weye." Bakubwa ba familia banataka tena niseme hapa, mbele sanduku ishuke, kwamba nimemusamehe yaya yangu, huyu kaka yangu mukubwa. Karibu miaka mbili sikumusemesha. Nisome kwanza, mutasikia.

Marehemu Kahongya Salomon alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1968 ku Kipese, mutoto wa tatu wa mzee Syauswa na mama Kavira. Mwaka 1974 baba yetu alipata shamba hapa Musienene, akapanda eucalyptus, familia ikahama. Mimi nilikuwa mutoto mudogo. Banasema Salomon alinibeba ku mugongo mpaka magoti ikamushinda, na akakataa mutu mwengine anibebe.

Alisoma école primaire hapa hapa, 1974 mpaka 1980, halafu akaanza secondaire ku Butembo. Hakumaliza, juu baba alikufa mwaka 1982. Balimu bake balimukumbuka sababu ya moshi. Alikuwa anasimama mu cour, kiwanja ya masomo, anaangalia moshi ya majiko, anasema: "Kwa mama Florentine kuni ni mbichi. Kwa fulani bameunguza maharage." Alikuwa na haki kila mara, mpaka bamama bakamushitaki kwa directeur kwamba anachungulia vyungu vyao.

Mwaka 1983 aliingia mu kazi ya makala, makaa ya kupikia, kwa mujomba wetu. Kwa bale hawajaona: unapanga miti, unaifunika na majani na udongo mpaka inakuwa kilima kidogo, tunaiita four. Unatia moto ndani, halafu unachunga moshi. Moshi nyeupe ni maji ya miti inatoka. Ikigeuka buluu, makala imeiva, unaziba matundu yote. Hapo kazi inabakia kungoja. Siku tano, siku sita, moto inalala ndani, hapana imekufa. Ukifungua mbele ya siku yake, hewa inaingia, yote inakuwa jivu. Salomon alifundisha vile karibu vijana bote ba hiki kilima. Alifundisha na Kitsa, mwenye alikuja kuwa bwana yangu. Butembo ilikula maharage miaka mingi na makala ya mikono yao, musisahau.

Tarehe 22 mwezi wa nane 1992 alioa Kanyere Victoire mu kanisa yetu. Asubuhi ile alinawa mara tatu na sabuni. Victoire mwenyewe anasemaka: père alichoma ubani, lakini bwana arusi alishinda ubani kunukia. Nyamuhanga, Mungu wetu, akabapatia batoto saba, tano banaishi.

Mwaka 2021 bageni ba projet, ile mradi, bakafika. Inchi, balisema, inataka kutoka mu makala. Batu bapike na courant, umeme ya maji, misitu ipone. Sikatai. Ni moshi ile ile yenye iliua yaya yangu. Lakini hapa batu arobaini na tatu balikuwa banaishi na makala, na jamaa zao nyuma yao. Projet ikaahidi: mutoe mashoka, musikate tena eucalyptus, na sisi tutawapa formation, mafunzo, na kazi ku laini ya courant. Bakamuchagua Salomon président, juu kila mutu alimuamini. Akapita nyumba kwa nyumba. Kwetu alikula bukari, ugali yetu, halafu Kitsa akamuuliza:

"Shemeki, na kama zile nguzo, poteau za courant, hazifike?"

"Kitsa, ni mimi niliweka saini. Zikikosa kufika, muje muniulize mimi."

Kitsa akatoa shoka yake nyuma ya mulango, akamupa.

Siku ya ine, Alhamisi, tarehe 9 mwezi wa tisa 2021, bageni bakarudi na kamera. Balitaka kupiga picha vile tunavunja four za mwisho. Zilikuwa sita, na makala yenyewe ndiyo chakula yetu ya miezi yenye ilikuwa inakuja. Kitsa akasema mbele ya bote: "Président, tuliziba juzi tu. Tungoje siku ya kwanza ya juma inayokuja." Salomon akaangalia bageni. Moteur ya gari yao ilikuwa inaunguruma. Akasema: "Bageni hawalale hapa. Tufungue." Akakamata jembe, akaanza na four yake mwenyewe.

Alijua. Mu Lubero yote hakuna mutu mwenye alijua kumupita. Lakini aliona haya kurudisha bageni mikono mitupu, sisi Banande tuko vile na mugeni. Four sita zikawaka pamoja. Bageni bakapiga makofi, juu balizani moto ni sehemu ya sherehe. Salomon alibaki kusimama na jembe.

Poteau kumi na moja zilifika, zikalazwa pembeni ya njia. Formation ilifanyika ku Butembo siku nane, kila mutu akarudi na karatasi yenye cachet, muhuri yao. Waya haikufika. Mwaka moja, mwaka mbili. Mwezi wa kwanza 2024 Kitsa alifunga kitambaa ya nguo zake, akasema anaenda kuchoma makala mu pori, upande wa Beni, kwenye hakuna projet. Nilimukatalia. Akaniambia: "Orpa, nioneshe njia ingine, nitaifuata." Akaenda. Tarehe 2 mwezi wa tatu, batu ba silaha baliingia mu kambi yao. Baliua batu sita mule, na bwana yangu alikuwa mumoja wao. Maiti haikurudi.

Kisha vita ikafika Alimbongo, na ba ingénieur bakaondoka. Salomon alishuka Butembo na liste ya majina arobaini na tatu, akakuta bureau na kufuli. Gardien, mulinzi wa mulango, akamuambia: "Mzee, hata mimi balisahau kuniambia kwamba imeisha." Bengine hapa balirudilia makala kwa kujificha. Yeye hakurudilia. Alikuwa anaingia mu shamba ya batu kulima viazi, na miaka yake ile.

Na kila siku ya soko alikuja ku meza yangu ya maharage. Anakaa juu ya mufuko, anasema: "Orpa, niambie neno." Mimi napimia bateja. "Basi unitukane." Napimia bateja. Saa sita anasimama, anarudi. Alifanya vile mpaka mwezi wa kumi ya mwaka jana.

Ndipo kikohozi kikamulaza. Ku hôpital ya Butembo docteur alisema mapafu yamechoka, miaka makumi tatu na munane ya moshi, hakuna dawa ya kuirudisha nyuma. Wiki iliyopita Victoire alinitumia habari, nikaenda na uji. Nilimukuta anakaa, juu kulala kulimukataza kupumua. Hakuniomba neno tena. Mimi ndiye nilianza:

"Kitsa alikuambia mungoje siku ya kwanza."

"Aliniambia."

"Na ulijua."

"Nilijua, Orpa."

Nikamulisha uji. Alikula kijiko tano. Alikata roho siku ya ine, tarehe 15 mwezi wa kwanza 2026, saa tatu ya asubuhi, mukono wake mu mukono wa Victoire.

Marehemu anaacha mujane, Kanyere Victoire, batoto tano, na wa kwanza ni Vagheni, bajukuu tisa, mudogo wake Orpa, na batu arobaini na moja ba ile liste, benye hawana shoka na hawana kazi. Hata leo chakula ya kilio inapikwa na makala, munaisikia harufu. Kwa bote benye walituchunga siku hizi tatu, wasingya kutsibu, asanteni sana.

Sasa ile neno bakubwa banangoja. Nimeitafuta tangu siku ya ine, mu sala na mu machozi. Nilimupenda yaya yangu, mu dunia hakuna mutu mwenye alinibeba mbele yake. Na sijamusamehe. Siwezi kudanganya mbele ya sanduku yake juu ya kufurahisha bageni. Musimame, tumushushe.

Nyamuhanga amupe ile amani yenye mimi sikumupatia.