Nukta Moja Juu ya Kilima cha Mawe

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Nyasi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye chumba chetu cha mimea mikavu. Nimeombwa niandike mimi, dereva wake, maana wataalamu wenye digrii zao wamemjua akiwa kwenye kiti. Mimi nimemjua akiwa kwenye matope. Na matope nayajua: gari lile nimelifikisha mahali ambapo hata mbuzi wanaomba njia.

Alianza kazi kwa kupaka gundi, akibandika mimea kwenye karatasi. Leo makabati kumi na manne ni kazi ya mkono wake. Kipenzi chake ni nyasi moja ndefu, yenye suke la zambarau, inayopenda miguu yake ikae majini. Utaikuta kwenye kingo za mito, mbuga za udongo mweusi zinazofurika, hata mitaro ya barabarani, kuanzia nyanda za ziwani hadi chini ya milima. Kila ilipoonekana aliweka nukta kwenye ramani. Nukta mia mbili na sita, na zote nimeziendesha mimi.

Moja tu ilimnyima raha: juu ya kilima cha mawe, pakavu hata mjusi anapakimbia. Wataalamu wageni waliicheka. Yeye akakipanda kilima mara tatu kuitafuta, goti likimuuma, mimi namngoja chini nimetulia kama mtu asiye na kosa.

Mwezi uliopita ramani ilikuwa inakwenda kuchapwa, jina lake juu. Nikamwendea nikakiri: miaka kumi na moja nyuma, safarini, nilichomoa gazeti alilokaushia nyasi ile ya mtoni, nisome matokeo ya mpira. Nikalirudisha kimakosa kwenye furushi la mimea ya kilimani, na nyasi yake ndani.

Alivua miwani. Nikaanza kuhesabu makabati.

"Na timu yako ilishinda?"

"Tulifungwa tatu, mama."

"Basi siku ile tulifungwa wote, baba."

Akacheka mpaka akashika meza, akachukua kifutio, akaifuta nukta mwenyewe. Kwa mkurugenzi alisema tu kwamba mafurushi yalichanganyika. Ramani imetoka safi: mia mbili na tano.

Asante, Mama Nyasi. Goti lipone, wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Ukizikumbuka nyasi zako za mtoni, piga simu tu. Gari lipo, na gazeti nitanunua la kwangu.