Nzi Usoni mwa Yunisi

Bwana asifiwe, wapendwa! Itikieni kwa nguvu, maana mkinyamaza nitarudi kukaa.

Ndugu zangu, mimi ni mfugaji wa huko upande wa Gulwe. Shule niliacha darasa la pili, baba akanikabidhi ndama, nami nikafurahi. Mke wangu yeye alimaliza la saba. Hilo la saba lilinichoma! Akileta neno alilofundishwa kliniki, namkatiza mbele za watu: "La saba lako limeleta ng'ombe wangapi hapa?" Watu wakicheka, najiona mwanamume.

Binti yetu Yunisi akaanza kuamka na matongotongo, nzi wamejaa usoni. Mama yake akasema, "Baba Yunisi, hivi ni vikope, ugonjwa unaopofusha. Mtoto anawishwe uso kila siku, apelekwe hospitali." Nikajibu kwamba maji yanachotwa mbali, wanywe ndama kwanza. Na nzi? Wafugaji wenzangu mnajua tulivyokuwa tukisema: nzi hufuata maziwa, mtoto asiye na nzi kwao hakuna ng'ombe. Ndugu zangu, nilijivunia nzi usoni mwa mwanangu! Siku nyingine nilimkuta mama yake anamnawisha kwa kificho, maji kidogo kwenye kata ya kibuyu. Nikaichukua ile kata ya maji nikaimwaga chini.

Basi jioni moja nikarudi na mgeni, mfugaji mwenzangu. Yunisi akasikia vishindo vyetu, akatoka mbio kunipokea, akapiga goti mbele ya yule mgeni. "Shikamoo, baba." Mgeni akacheka kidogo, halafu akaniangalia. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, mwanangu hanioni.

Niliingia zizini nikalia katikati ya ng'ombe wangu. Nikasema, "Mungu, mimi ni mjinga, na ujinga wangu nimeuvisha kiburi." Neno hilo sikuwahi kulitamka maishani. Lilipotoka, kifua kikafunguka! Nikamwendea mke wangu nikamwambia, "Mama Yunisi, nifundishe." Hakunicheka hata kidogo. Asubuhi mimi mwenyewe nikamnawisha mtoto, nje, wanaume wakipita. Wakaniita mama. Waache waite! Siku hiyo hiyo tukampeleka hospitali.

Mungu ni mwema. Jicho la kulia limepona kabisa. La kushoto limebaki na kovu, na kovu hilo ni la mkono wangu.

Baba mwenzangu uliyeketi huko nyuma, Yesu hakuniuliza nimeishia darasa la ngapi. Kutosoma si dhambi, ndugu yangu. Kukataa kufundishwa ndiko kulikotaka kumpofusha mwanangu. Kama una kiburi cha namna hiyo nyumbani kwako, njoo hapa mbele tuombe pamoja, wala usione haya. Haya zote nimeshazibeba mimi.

Asante Yesu kwa kunitoa! Limebaki moja tu, ndilo linalonitetemesha. Yunisi huwaambia watoto wenzake kwamba baba yake ndiye aliyemponya macho. Ile kata ya maji haikumbuki, alikuwa bado mdogo, na mama yake amenisitiri miaka yote hii. Mpaka asubuhi ya leo hakujua. Yuko pale, ameketi na mama yake, na sasa amesikia.

Yunisi, mwanangu, unisamehe.