Mwalimu Kurimoto na Vita vya Helmeti Nyeupe

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na saba katika chumba cha afya cha Shule ya Kati ya Minahara, Mwalimu Kurimoto Sanae anastaafu. Tangu habari itangazwe, tunaulizana nani sasa atatukemea tukija kazini na mafua.

Wanafunzi waliojifanya wanaumwa tumbo siku ya mtihani wa hisabati aliwapa maji ya moto wanywe, kisha kitambaa wamsaidie kufuta madirisha. Wengi walipona kabla ya dirisha la pili.

Lakini ukimtaja Kurimoto, mji mzima unasema helmeti. Watoto wetu wengi huja kwa baiskeli kutoka mashamba ya machungwa huko juu, na kanuni ya shule ilikuwa moja: helmeti nyeupe, ya duara, yenye nembo ya shule. Kanuni hiyo ilifuatwa mpaka kona ya duka la tofu. Hapo, mbali na macho ya mwalimu wa zamu, zilivuliwa zote zikatupwa kwenye vikapu vya baiskeli.

Katika mwaka wa tatu wa Mwalimu Kurimoto kazini, mwanafunzi Akiyoshi Wataru wa mwaka wa pili aligongwa na gari dogo la mizigo kwenye mteremko, akafariki. Helmeti yake ilikutwa kikapuni, haina hata mkwaruzo. Msibani mama yake alimshika Mwalimu Kurimoto mkono: "Mwalimu, si alikuwa nayo hapohapo? Kwa nini hakuivaa?" Swali hilo lilimkaa rohoni.

Shule iliongeza adhabu. Yeye akaenda kusimama kwenye ile kona, akawauliza watoto wenyewe. Hawakumumunya maneno. "Mwalimu, tukivaa hii tunaonekana uyoga!" "Wa shule ya ng'ambo ya mto wanatucheka mpaka wanakaa chini." "Halafu nyinyi walimu, mbona hamvai?"

Hilo la mwisho lilimwingia. Wiki hiyohiyo alinunua helmeti ileile ya wanafunzi, akaanza kuja kazini kwa baiskeli. Jamani, alichekesha! Nywele zilizobonyea alishinda nazo hivyohivyo mpaka jioni, na mtu asimwambie kitu.

Kisha akaleta hoja kwenye kikao cha walimu: kila mtoto achague helmeti aipendayo, rangi yoyote, mradi iwe na alama ya usalama na mkanda ufungwe. Mkuu wa shule wa wakati ule almanusura apaliwe na chai. "Leo helmeti ya zambarau, kesho nywele za zambarau!" Akakataliwa. Mwaka uliofuata akaomba tena. Wakuu walibadilika, ombi halikubadilika, na baadhi yetu tukiona zamu yake ya kusema imefika tulikumbuka ghafla kwamba tuna haja ya kwenda msalani.

Hata ilipokuja sheria ya nchi, inayomtaka kila mpanda baiskeli ajitahidi kuvaa helmeti ingawa haina faini, wapo waliosema basi, yatosha. Yeye akasema, "Sheria haitamfungia mtoto mkanda. Atajifungia mwenyewe, akitaka." Mkuu wetu wa sasa, Bwana Hatano, akasalimu amri. Tangu hapo banda la baiskeli limejaa bluu, manjano, na moja yenye masikio ya paka, ambayo Mwalimu aliikagua ndani nje kabla ya kuikubali.

Novemba iliyopita, hatua chache kutoka lango letu, Ogata Nagisa wa mwaka wa kwanza alikuwa kwenye baiskeli yake, mlango wa gari ukafunguliwa ghafla mbele yake, akarushwa, akaangukia kichwa. Aliingia chumba cha afya kwa miguu yake mwenyewe, mkononi helmeti ya kijani iliyopasuka, analia kwa hasira: "Mwalimu, nilikuwa naipenda!"

Mwalimu alimlaza, akamsafisha goti, akaita gari la wagonjwa akapimwe, kisha akampigia mama yake. Tuliokuwa koridoni tulimsikia: "Mama Nagisa, tulia. Mtoto yuko hapa, anaongea. Anadai helmeti mpya." Nagisa alipokwisha kuondoka, Mwalimu alifunga mlango, akalia kwa sauti, na hatukuthubutu kubisha.

Mwalimu Kurimoto, pumzika sasa, ule na ulale unavyotaka, na Mungu akujalie siku nyingi zenye furaha. Asante kwa watoto waliofika nyumbani.